Picha za kupamba zimetoka nje, mpiga picha asema ni mali yake. Naombeni ushauri

BintiWaKuze

Assalam alaykum wapendwa. Nawaandikia saa saba usiku kwa sababu usingizi hauji.

Mimi ni bibi harusi wa miezi miwili. Harusi ilikuwa Mombasa, na usiku wa kupamba tulichukua ukumbi, wageni 300, wanawake watupu. Wenye kuzijua harusi zetu waelewa: mlangoni walikaa mama wawili wasiotaniwa, simu zote zaingia kikapuni, wapewa kikaratasi chenye namba, ukitoka warudisha kikaratasi wachukua simu yako. Hata mama mkwe alitoa yake bila neno. Ndani mabuibui yakavuliwa, kila mtu na gauni lake, nywele zake, mgongo wake. Mimi niko juu ya jukwaa, michoro ya piko mpaka viwikoni, na seti ya dhahabu ya shangazi.

Mpiga picha alikuwa mwanamke, tulimchagua kwa ajili hiyo hiyo. Bei 45,000. Shangazi yangu aliyeko Maskati ndiye aliyemtafuta na kuongea naye, akatuma 30,000 za kianzio, na 15,000 zilizobaki tulipe tukipewa albamu. Makubaliano yote ni ya WhatsApp. Shangazi amenitumia nimeyasoma mara tatu: mna saa ya kufika, mna idadi ya kurasa za albamu, mna mpaka sahani mbili za biriani, yake na ya msaidizi. La kutia picha mtandaoni halimo, si kwa ndiyo si kwa la.

Alhamisi binamu yangu akanitumia linki, hakuandika ila "huyu si wewe?" Nafungua, video ya sekunde 22 kwenye ukurasa wa mpiga picha, taarabu kwa juu, bei za msimu kwa chini. Mwanzo wa video ni mimi. Uso ameufunika kwa kiua cha waridi kinachonifuata nikigeuka. Lakini nyuma yangu palikuwa na kioo kikubwa cha jukwaa. Sekunde ya 14 nainama kuvishwa kidani, kiua chainama na mimi, na kioo chaonyesha kila kitu: sura, nywele, bega. Na nyuma ya bega langu mdogo wangu wa miaka 15 yuwacheka, hata mtandio hana.

Nikampigia. Majibu yake: "Nilipiga mimi, kamera yangu, picha ni zangu kisheria. Nyinyi mmenunua albamu, hamkununua hakimiliki. Tena uso nimeuziba."

Mume wangu asema tusimlipe zile 15,000. Mama asema niache, nikilikoroga litanuka. Mimi sijui nishike lipi. Ni kweli picha ni zake? Na kama ni zake, ndiyo mwisho wa maneno?

MzeeWaForodhani

Pole sana mwanangu. Lakini niruhusu niseme moja. Wageni 300 mmewapokonya simu, halafu kamera mkamwachia mtu mmoja bila kuandikiana hata mstari. Mmeziba madirisha yote mkaacha mlango wazi.

Kipanga_TZ

Mimi nitakuwa mbaya hapa. Dada, uliingia ukumbini, ukavua mtandio mbele ya watu 300. Watu 300! Siri ya watu 300 ni siri gani? Ungetaka usionekane ungekaa chumbani. Na huyo dada wa watu kajitahidi, kakuwekea ua usoni. Kioo ni bahati mbaya. Mimi hapa Tanga picha yangu ya mahafali iko kwenye bango la studio mwaka wa tatu, sijafa.

NyuziNaSindano

@Kipanga_TZ ngoja nikwambie kitu. Mimi ni fundi cherehani mwaka wa kumi na tisa sasa. Nina daftari, kubwa, jalada jeusi. Ndani mna vipimo vya wanawake wa mtaa mzima: kifua, kiuno, nyonga, nani amenenepa baada ya uzazi wa pili na kwa inchi ngapi. Daftari nimelinunua mimi. Kalamu yangu. Mkono ulioandika ni wangu, na wao walinipa vipimo kwa hiari, wengine wakiwa na sidiria tu mbele yangu. Kwa hesabu yako, kesho nikikata ukurasa wa mke wa imamu nikaubandika mlangoni ili wateja waone navyojua kupima, nitakuwa nimekosa nini? Si daftari langu?

Hao watu 300 walialikwa kwa kadi. Wewe hukupata.

Kipanga_TZ

Hahaha mama umenipiga. Lakini hujajibu. Daftari ni lako au si lako?

NyuziNaSindano

Ni langu. Na bado silibandiki.

KaraniMstaafu

Mama fundi amemaliza kazi, mimi naongeza vifungu tu. Si wakili, nilikuwa karani ofisi ya mawakili Nairobi kwa miaka mingi, kwa hiyo mwenye kesi kubwa aende kwa wakili mwenyewe.

Binti, hapa pana mali mbili, na huyo mpiga picha amezifunga kamba moja. Kuna picha na kuna wewe uliyemo ndani ya picha. Tuanze na picha, kwa sababu hata hapo hana uhakika anaojidai nao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, yasema hakimiliki huanza kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wake, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawe wamekubaliana vingine. Wewe umesema makubaliano hayakusema lolote. Basi "hamkununua hakimiliki" ni neno la kusoma tena.

Sasa shida. Aliyeagiza ni nani? Kwa maelezo yako si wewe. Ni shangazi yako.

BintiWaKuze

Subhanallah. Yaani picha za harusi yangu ni za shangazi?

KaraniMstaafu

Huenda. Kwa sheria ya Kenya, na kwa miaka 50 hivi ijayo.

Kipanga_TZ

Nimekaa chini. Bibi harusi mmoja, mpiga picha mwingine, mwenye picha yuko Oman anakunywa kahawa.

Lakini wazee, mantiki ya kawaida: aliyebonyeza kitufe si ndiye mwenye picha?

KaraniMstaafu

La. Sheria hiyo hiyo yaeleza mtunzi wa picha ni yule aliyehusika na mpangilio wake, picha ikae vipi. Haikutaja kidole. Na kama ni kidole, binti ametwambia palikuwa na msaidizi, basi pengine picha nusu ni za msaidizi.

PwezaMkavu

Wa kidole mmenikumbusha nyani wa Sulawesi. 2011 zilitoka habari za mpiga picha wa Uingereza, David Slater: aliweka kamera yake msituni huko Indonesia, nyani akaibonyeza akajipiga mwenyewe, meno nje, picha ikazunguka dunia nzima. Slater asema yangu, wengine wasema haina mwenyewe. 2014 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikasema picha iliyopigwa na nyani haisajiliki kwao. Halafu shirika la kutetea wanyama likafungua kesi kwa niaba ya nyani! 2018 mahakama ya rufaa huko California ikasema mnyama hana haki ya kushtaki kwa sheria ya hakimiliki. Miaka saba, na katika wote waliogombana hakuna hata mmoja aliyemuuliza nyani kama ataka kuonekana.

MzeeWaForodhani

Pweza, binti wa watu ana kilio, wewe waleta nyani.

PwezaMkavu

Mzee nisamehe. Lakini sentensi ya mwisho naiacha pale pale.

UmmSalma_Leicester

Wapenzi, mimi ni wa Kibokoni ila niko Uingereza mwaka wa ishirini. Huku mambo ni kinyume na hayo ya Kenya. Sheria ya 1988 yampa mpiga picha hakimiliki hata kama wewe ndiye uliyemlipa. Lakini wakaona ubaya wake, wakatia kifungu cha 85: ukiagiza picha kwa mambo yako ya nyumbani, harusi, mtoto, basi japo ni zake, una haki asizitoe hadharani. Mpiga picha wa mwanangu alituandikia karatasi yenye visanduku viwili, ndiyo na la, nikatia alama kwenye la, akanyamaza akapiga. Hakununa.

Nasema hivi ili mjue hata pale ambapo neno la huyo dada ni kweli, halimfikishi anapotaka kufika.

KaraniMstaafu

Ahsante Umm Salma, umenirudisha kwenye mali ya pili. Hii ndiyo kubwa, binti, na hii ni yako, hata shangazi hana.

Sura yako ni taarifa yako binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, yakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi. Video ilikuwa na bei chini yake? Hiyo ni biashara. Atasema ulikubali kwa kukaa mbele ya kamera. Kifungu cha 32 chasema mzigo wa kuthibitisha idhini ni wa yule anayetumia taarifa, wewe huna haja ya kuthibitisha kwamba hukukubali. Kifungu cha 40 chakupa nafasi ya kudai afute. Na mdogo wako wa miaka 15 ni mtoto, idhini yake hutolewa na mzazi. Mama yako anayesema uache, muulize kama aliitoa.

Si maneno ya kwenye karatasi tu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikipiga kilabu kimoja cha Nairobi faini ya 1,850,000 kwa picha ya mteja iliyowekwa mtandaoni bila idhini, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Malalamiko hupelekwa kwa mtandao, bila malipo, na sheria imewapa siku 90 kulimaliza.

Kipanga_TZ

Swali la mwisho kisha nalala. Basi na shangazi akirusha picha kwenye kundi la ukoo, naye ashtakiwe?

KaraniMstaafu

Mambo ya mtu binafsi na nyumba yake sheria imeyaacha. Shangazi hauzi kitu.

JiweLaMoto

Nyinyi mwafundishana sheria na video yazidi kutazamwa. Dawa ni moja. Weka hapa jina lake, picha yake na nambari yake, tumfundishe adabu watu mia mbili kwa usiku mmoja. Ataifuta kabla ya alfajiri.

NyuziNaSindano

Na wewe Jiwe, wataka kumtoa mwingine uchi ili tumlilie huyu?

KaraniMstaafu

Tena ni kosa. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 27. Binti, usithubutu. Leo una haki yote mkononi, usimpe yeye nusu.

Waya_Na_Soketi

Naona hakuna aliyegusa upande wa mtambo. Kabla hujamwandikia, na kabla hujalia kwenye maoni ya ile video, chukua ushahidi. Skrinishoti ya ukurasa wote, jina la akaunti lionekane, tarehe ionekane, bei zionekane. Kisha isimamishe video pale kwenye kioo, skrinishoti nyingine. Hiyo ya kioo usimtumie mtu yeyote, hata sisi. Nakili na anwani ya linki yenyewe, kwa sababu akifuta halafu akatia upya, anwani itabadilika nawe utaonekana mzushi.

Hilo la kiua ndilo linaloniuma. Kiua hufuata uso ambao programu imeuona, basi. Uso wa pili ulioko kiooni au kwenye sinia ya shaba iliyosuguliwa hauzibwi mpaka mtu aliyekaa akatazama picha kwa picha. Huyo hakutazama. Tena hata bila kioo ungejulikana. Binamu yako alikujua kwa nini?

BintiWaKuze

Kwa seti ya dhahabu. Asema ilipotokea shingo tu akajua ni ya shangazi, hakuna nyingine Mombasa.

Waya_Na_Soketi

Ndiyo hayo. Uso ni njia moja tu ya kumjua mtu.

Jambo jingine. Mitandao hii ina fomu mbili, ya faragha na ya hakimiliki. Watu watakwambia jaza ya hakimiliki, huenda haraka. Ni kweli huenda haraka, lakini fomu hizo zafuata sheria ya Marekani, na mna mstari ambapo waapa kwamba wewe ndiye mwenye haki au umetumwa naye. Kwa mambo tuliyoyasoma hapa, mwenye haki huenda ni shangazi. Basi ama ajaze yeye, ama akuandikie amekutuma. Usiape kiapo cha mtu mwingine kwa sababu umekasirika. Ya faragha jaza mwenyewe hata sasa hivi, na ya mdogo wako ajaze mama.

LenziYaPwani

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi pia ni mpiga picha, mwanamke, napiga harusi za ndani hizi hizi. Mwenzangu amekosa, sitamtetea. Lakini niwape hali yetu, kwa sababu hakuna aliyeisema. Mwanamume anayepiga picha za ufukweni ana kurasa mia za kazi zake. Mimi kazi yangu bora yote iko kwenye nyumba za watu, imefungwa. Mteja mpya aniuliza "nionyeshe kazi yako", nimwonyeshe nini? Keki? Viatu?

Mimi nimefanya hivi. Kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, kabla ya bei, nauliza: picha zako ziishie kwako, au naweza kuonyesha mikono na nguo? Akisema mikono na nguo, namtumia hizo mbili tatu nitakazozitia, asubuhi kabla sijazitia, naye napunguza 3,000. Wengi hukataa. Wachache hukubali, na piko peke yake imeniletea wateja kuliko uso wowote.

Binti, ukimwandikia, usianze na faini. Anza na kioo. Nakuhakikishia hakukiona.

BintiWaKuze

Ahsanteni wote. Nimeandika hivi, mniambie kabla sijatuma:

"Dada, salamu. Video uliyoweka Alhamisi, sekunde ya 14, tazama kioo nyuma yangu. Sura yangu yaonekana, na mdogo wangu wa miaka 15 yumo bila mtandio. Sisi hatukukupa idhini ya kututia kwenye tangazo. Nataka uifute leo, popote ulipoiweka, na unijulishe nakala ziko wapi. Habari ya hakimiliki tutazungumza ukitaka, lakini hiyo ni habari nyingine. Nangoja mpaka magharibi, kisha nitapeleka malalamiko kwa Kamishna."

KaraniMstaafu

Tuma. Usiongeze hata nukta.

BintiWaKuze

Wapendwa, narudi baada ya siku nne.

Alisoma ujumbe, akanyamaza dakika kama kumi, kisha akapiga simu analia. Kioo hakukiona. Msaidizi wake ndiye aliyetengeneza video, kwa simu yake mwenyewe, akaona kiua kimekaa usoni akairusha. Kabla ya magharibi ilikuwa imefutwa.

Jumamosi akaja nyumbani na kompyuta na yule msaidizi, binti mdogo wa watu, hakuinua macho. Waya, upande wa mtambo sikuusahau. Nikauliza kamera, nikauliza diski, nikauliza simu ya msaidizi. Simu ilikuwa safi. Nikasema fungua hifadhi ya mtandaoni. Kufungua, zote zimo, picha 212, simu ilizipandisha yenyewe usiku ule ule wa kupamba tulipokuwa bado twacheza. Yaani simu za wageni ziko kikapuni, na picha zetu ziko angani. Tukazifuta, tukaenda kwenye pipa la taka la ile programu tukafuta tena.

Mama ndiye aliyenishangaza. Yule aliyesema niache, aliketi pale na tasbihi mkononi, kwa kila diski auliza "na hii?"

Kwa Kamishna sijapeleka. Ushahidi nimeuweka. Nikiona hata ukucha wangu mahali, napeleka.

Limebaki moja. Albamu imekuja, nzuri, sitadanganya. Zile 15,000 mume wangu angali asema tusilipe, iwe ndiyo adhabu yake. Nifanyeje?

Kipanga_TZ

Usilipe. Na mimi nimeenda studio kuulizia bango langu, kwa taarifa yenu.

NyuziNaSindano

Lipa. Albamu aliifanya. Gauni likitoka sawa, fundi hulipwa, na akipiga domo juu ya kiuno chako hilo ni deni lake yeye, si lako. Ukizichanganya utakuwa kama yeye alivyochanganya picha na sura.

LenziYaPwani

Lipa binti, uwe huna deni naye siku utakayotaka kumshtaki.

BintiWaKuze

Nimetuma sasa hivi kwa M-Pesa. Amejibu: "Zimefika, shukran, Mungu akubariki. Ile ya mikono na piko peke yake, bila pete, naweza kuitumia? Ukikataa sitauliza tena."

Nikamwambia mikono ni yangu na mimi sina neno, lakini picha ni ya shangazi, amuulize Maskati.

Ameuliza. Shangazi amesema atoe bei.